Vibuyu vya Ugoro Kwenye Uzio wa Minyaa

Niliwahi kutupa matunda mazuri nje ya uzio, moja baada ya jingine, karibu kiangazi kizima, kwa sababu yalikuwa yameiva. Sikuyatupa kwa hasira wala kwa shibe. Niliyatupa kwa elimu. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali huko pwani hadi madarasa ya juu, naandika Kijerumani kwa mwandiko wa kulala, najua kuchora jani na kutaja sehemu zake. Na kwa elimu yote hiyo nilisimama kwenye bustani yangu mwenyewe pale Dodoma, nikaokota tunda tamu, nikalitazama lilivyokunjamana, nikasema, "Hili limeharibika," nikalirusha barabarani. Leo nikimwona mtoto amekaa barazani anafyonza pasheni, maji yake yanamtiririka hadi kwenye kiwiko, huwa nageuza uso. Watu hudhani silipendi tunda lile.

Inabidi nieleze nilivyopata bustani, maana mimi si mtu wa bustani. Ni mtu wa ndani. Mama yangu alikuwa akisema kwamba siku nyumba yetu ikiuzwa, mnunuzi atanikuta humo na kudhani mimi ni kabati. Lakini reli ilikuwa imefika Dodoma na Wajerumani walitaka makarani wa kusoma hati zao, kwa hiyo kabati likapakiwa kwenye behewa pamoja na mkeka na sanduku. Sikuomba. Wakati ule mtu hakuomba, aliambiwa.

Dodoma yenyewe ilikuwa stesheni, boma, maduka machache ya Wahindi yenye bati linalong'aa hadi macho yanauma, na tembe za Wagogo zilizotawanyika kwenye ardhi nyekundu kama vile kila moja imenuniana na mwenzake. Halafu upepo. Upepo wa kule uliingiza vumbi hata ndani ya chai iliyofunikwa. Mimi niliwekwa kwenye ghala la mizigo, dirishani, nikipokea ngozi za ng'ombe na mbuzi zinazopelekwa pwani. Nikazionea wivu: zilikuwa zinakwenda kwetu na mimi ndiye ninayezipandisha. Watu niliwaona wengi mchana kutwa. Wachukuzi, Wahindi, wafugaji wenye mikuki waliotoka mbali. Wote walizungumza nami, na wote walizungumza habari za ngozi.

Ghala likifungwa, basi. Watu wa pwani wenzangu walikuwapo, walikusanyika jioni penye maduka kunywa kahawa na kucheza bao, na mwanzoni walinialika. Nikasema kesho. Wakanialika tena, nikasema kesho. Baadaye wakaacha kunialika, nami nikashukuru, halafu nikaanza kukaa dirishani kuwasikilizia wakicheka.

Nyumba niliyopewa ilikuwa tembe iliyopakwa chokaa. Alikuwa akiishi humo mzungu mmoja wa reli, fundi wa kupima njia, mpaka vyuma vilipoendelea kuelekea magharibi naye akavifuata. Aliacha dirisha la mbao, birika lililotoboka, na nyuma ya nyumba ua wenye uzio wa minyaa. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na tembe ya jirani, mwanamke wa Kigogo ambaye kwa muda mrefu nilimjua kama sauti tu, sauti inayowatukana mbuzi.

Jioni ya kwanza nilipofika mlangoni nilipiga hodi. Ndivyo tulivyolelewa: huingii nyumba kimya kama mwizi. Nyumba ikanyamaza. Nikaona aibu kusimama nje ya nyumba yangu bila kujibiwa, nikajijibu kwa sauti ya chini, "Karibu." Nikaingia. Kesho yake vivyo hivyo. Mwisho nikazoea hata kuongeza, "Habari za huko?" na kujijibu, "Nzuri. Ngozi tu."

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Niliamini hakuna anayejua.

Sasa, penye bomba la maji ya kuogea, pale yanapotokea nje ya ukuta, palikuwa na mmea. Nadhani yule mzungu alipanda mambo mengi, maana palikuwa na vijiti vikavu vimesimama kwa mistari kama makaburi ya kuku. Vyote vilikufa kwa kiu isipokuwa huu mmoja, uliokuwa ukinywa maji yake ya kuoga, na baada yake yangu. Ulikuwa umetambaa, umepanda juu ya minyaa, umeishika kwa vikono vyake vinavyojisokota, ukaifunika. Ulitoa ua la ajabu. Lilikuwa na nyuzi nyeupe na za zambarau zilizopangwa duara, na katikati vijiti vidogo vilivyosimama kama mishale ya saa. Ungedhani mtu ameifungua saa mgongoni akaondoka. Nilizoea kulitazama nikirudi kazini, kwa sababu katika nyumba ile ndicho kitu pekee kilichokuwa wazi ninapofika.

Hakuna aliyeugusa mmea ule, na sababu ilikuwa minyaa. Mnyaa ukivunjwa hutoa maziwa, na maziwa yale yakiingia jichoni mtu hutembezwa kwa kushikwa mkono. Mbuzi wenyewe hupita mbali, nao ni viumbe wanaokula hata kamba waliyofungiwa. Kwa hiyo kitu kinachopanda juu ya minyaa, kikaikumbatia na kulala kifuani pake, kila mtu aliamini kinanyonya maziwa hayo hayo. Maua yalipoanguka pakabaki vitu vya mviringo, vya kijani, vigumu, ukubwa wa yai la kuku au kuzidi kidogo. Vikaning'inia pale. Sikuviwazia lolote.

Ndipo siku moja ile sauti ya mbuzi ikanigeukia mimi.

"Wewe mwali!"

Nikageuka kumtafuta mwali.

"Wewe huyo huyo, unayekaa ndani. Hivyo vya juu ni vya nani?"

Alikuwa amesimama penye pengo la uzio, mwanamke mrefu wa umri wa mama yangu, kaniki imefungwa begani, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Shika nini? Miguu yangu ina mavi ya mbuzi. Nimeuliza hivyo ni vya nani."

"Ni vya... vya nyumba."

"Nyumba hainusi ugoro," akasema, akaingia bila hodi yoyote. Akanyoosha mkono kwa uangalifu asiguse minyaa, akabisha kimoja kwa ukucha: ko, ko. Akasikiliza. Akabisha kingine. "Hivi ni vibuyu. Sijapata kuona vidogo namna hii. Vya ugoro kabisa. Changu kimepasuka." Akanionyesha ugoro wake ulivyofungwa kwenye pindo la kaniki kama chumvi ya maskini.

Msomaji asitucheke mapema. Katika nchi ile kila kitu kilikaa ndani ya kibuyu: maziwa, samli, maji ya safari, mbegu za mtama, dawa, na kwa mtu mzima anayejiheshimu, ugoro. Kibuyu huachwa juu ya mti wake mpaka kikauke na ganda liwe gumu, halafu hukatwa kichwa, hutolewa uchafu wa ndani, hupakwa mafuta, hutiwa kizibo. Sasa mtu aliyekulia hapo akiona kitu cha mviringo, cha ganda gumu, kinaning'inia kwenye mmea unaotambaa, unataka akiite nini? Mimi ndiye niliyestahili kujua zaidi, na mimi ndiye niliyeharibu zaidi. Nilikohoa kidogo, nikasema kwa sauti ya darasani kwamba mimea inayotambaa kwa vikono vya kujisokota ni jamaa ya boga na mung'unye.

"Umeona," akasema. "Hata kitabu kimekubali. Vikikauka utanipa kimoja."

"Nitakupa, mama."

"Nitakuja kuangalia."

Akaondoka na fimbo yake. Mimi nikabaki pale bustanini nikilirudia neno lile. Tangu nishuke kwenye behewa hakuna mtu pale Dodoma aliyekuwa ameniambia *nitakuja*.

Na kweli alikuja. Alikuja mbuzi wanapokwisha kurudi, jua linapolala juu ya vilima na vumbi kuwa na rangi ya manjano. Nilimtafutia kigoda. Nilianza kufunga ghala upesi upesi mpaka Mhindi mmoja akaniuliza kama nimeoa. Jirani yangu alivibisha vibuyu, akavisikiliza, akasema "bado," akakaa, akafungua pindo, akanusa, akapiga chafya iliyowashtua njiwa, halafu akaanza kunichambua.

"Leo umepika nini?"

"Ugali, mama."

"Ule niliouona kwenye chungu asubuhi? Ule ni uji uliokata tamaa. Kwenu hakuna wanawake?"

"Wapo."

"Wote walikukataa?"

"Sikuwauliza."

"Ungewaulizia wapi, dirishani? Mbuzi akikaa ndani namna yako tunamchinja, tunajua ni mgonjwa."

Kiswahili chake alikipata kwa misafara iliyokuwa ikipita zamani kununua chakula na maji, na alikitumia kama alivyotumia fimbo: kifupi, na kinafika. Mume wake alikuwa amekwenda na reli, kubeba vyuma kuelekea magharibi. Reli iliendelea, habari zake zikakoma. Binti yake mmoja aliolewa upande wa Chamwino. Hayo aliniambia mara moja tu, akiwa anatazama vibuyu na si mimi, kisha akauliza kama ni kweli kwamba pwani watu hula samaki wenye macho.

Tatizo langu lilianza hapo. Kibuyu hukauka. Siku kikikauka atakikata, atakipaka mafuta, atatia ugoro wake, atapita kwenye pengo la uzio, na hatakuwa na sababu ya kurudi. Nilikuwa namwagilia maji mmea ule, hata maji ya kunywa mara nyingine, maji yanayochimbwa kwenye mchanga wa korongo kwa taabu, huku namwomba Mungu usifanikiwe. Nadhani mimi ni mkulima wa kwanza nchini aliyefanya kazi kwa bidii ili akose mavuno.

Na dua yangu ilikuwa kama imekubaliwa. Vibuyu vilipofika wakati wa kukauka, havikukauka. Viligeuka rangi, vikawa zambarau ya kukaribia weusi, vikaanza kukunjamana kama uso wa mtu aliyeonja shubiri, na kudondoka. Jirani aliokota cha kwanza, akakiminya, kikabonyea.

"Mdudu," akasema. "Kibuyu kikikunjamana kimeoza ndani. Tupa."

"Pole, mama," nikasema, moyo unacheza ngoma. Nikatupa barabarani. Cha pili nikatupa. Cha tatu nikatupa kwa madaha, nikatikisa kichwa kama mfiwa. Palikuwa na harufu nzuri sana mikononi mwangu baadaye, tamu na kali, nami nikaisifu sabuni ya Mhindi. Yeye hakuisikia. Pua yake ilikuwa imekwisha kuolewa na ugoro.

Lakini hakuwa mtu wa kungoja hasara iishe yenyewe. Jioni moja alikuja na kisu kidogo.

"Tusingoje tena. Tuchume kibichi, tukikate kichwa, tukitoe uchafu, nikakianike juu ya paa. Jua litamaliza kazi."

Paa la tembe ni bapa, na juu yake hukauka kila kitu cha nyumba, kuanzia mlenda hadi mtama. Ilikuwa shauri la mtu mwenye akili. Nilihisi kama amekuja kuniaga.

"La, mama. Kitabu kinasema mmea ukikatwa kabla ya wakati wake, mizizi hushtuka."

"Mizizi hushtuka."

"Ndiyo. Na vilivyobaki vyote vitakufa. Tungoje kidogo. Hata mwezi mwingine."

Alinitazama. "Kitabu chako kimeanza kusema mengi tangu nitoe kisu."

"Ni kwa faida yako, mama."

"Kaa na vibuyu vyako, mwali," akasema, akaingia penye pengo lake.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Kwenye tembe yake hapakuwa na moshi, na mbuzi walichungwa na mwanamume mmoja nisiyemjua, aliyepita nao upande wa pili wa kilima. Ningeweza kumwuliza. Lakini kuuliza kulihitaji kutoka nje, kuvuka barabara, kumwamkia mtu na kusema namtafuta nani, kwa nini, na mimi ni nani kwake. Nilijitayarishia maneno hayo ghalani mchana, yakawa mazuri, na kila nikifika nyumbani nikasema kesho. Kigoda chake nilikiacha pale pale. Upepo ulikijaza vumbi, nikawa nakipangusa kila jioni, kisha nakaa mkekani na kukitazama. Watu wa bao walicheka kule madukani. Ng'ombe walilia mahali fulani. Nilipopiga hodi mlangoni pangu sauti inayosema karibu ilikuwa imechoka, hata nikaona vibaya kuisumbua.

Basi nikaamua kumtengenezea kibuyu chake. Nilijua maana yake: akikipata, ameondoka. Lakini alikuwa ameondoka tayari kwa ajili ya ubahili wangu, na afadhali aende na kibuyu. Ila sikutaka kuharibu kizuri, kwa sababu mikono yangu inajua kalamu tu. Nikasema nitajifunzia kilichooza. Nikaokota kikubwa kilichokunjamana kuliko vyote, nikakaa juu ya kizingiti, nikakata kichwa kama alivyonieleza.

Nilitazamia vumbi na mdudu. Badala yake maji ya manjano yalinimwagikia mkononi, na ndani mlikuwa na mfuko uliojaa mbegu nyeusi, kila mbegu imevaa kanzu yake ya maji. Na ile harufu ya sabuni ya Mhindi. Nikatafuta kitambaa. Sasa mtu anayeshinda akifunua hati ana mazoea: hulamba kidole gumba kabla ya kufunua nyingine. Nilifunua nini pale kizingitini, sijui. Nililamba.

Kisha nikakumbuka minyaa.

Nilikimbilia mtungi, nikasukutua, nikatema, nikasukutua. Nikakaa chini kungoja upofu. Nikatazama kama bado naona: naona mlango. Nikangoja. Nikatazama tena: naona mlango. Na muda wote huo, huku mimi nimeshughulika na kufa, ulimi wangu ulikuwa pembeni unafanya hesabu nyingine. Ulikuwa unatafuta kwenye meno kama kimebaki kidogo.

Nikamaliza kile kilichobaki kwenye ganda. Nikaokota kingine. Lilikuwa tunda, jamani. Lilikuwa na ukali wa ukwaju unaokukunja macho, halafu kabla hujaufungua mdomo kulalamika, utamu unakuja kwa nyuma, na mbegu zinalia chini ya jino kama changarawe njema. Sijui kama ni kwa ajili ya vumbi lote nililokuwa nimemeza tangu nifike, lakini nilihisi koo langu limefunguliwa dirisha. Nikacheka peke yangu. Nikainuka ili nimwambie mtu.

Nikaenda hadi penye pengo la uzio, nikapiga hodi kwenye tembe isiyo na moshi. Nikapiga ya pili, na ya tatu, maana ndiyo kawaida, kisha unarudi. Nikarudi. Nilipofika mlangoni pangu, kinywa kikasema chenyewe:

"Hodi."

"Karibu. Habari za huko?"

Na kwa mara ya kwanza tangu nianze kukaa nyumba ile nilikuwa na habari isiyo ya ngozi, na aliyeniuliza alikuwa anaijua tayari. Niliketi juu ya sanduku langu na mikono inanata. Nimekaa peke yangu mara nyingi katika maisha yangu, kabla na baada, na mara nyingi kwa kupenda. Jioni ile sikupenda.

Sikuyala tena. Niliyaokota kila siku nikayaweka kwenye kikapu chini ya mtungi, penye ubaridi, nikiyaangalia yanavyozidi kukunjamana na kuwa mepesi. Nilianza hata safari ya kwenda nayo kwa watu wa bao. Nilifika penye kona, nikaziona taa za duka na migongo yao, nikageuka. Nilijiambia kwamba la kwanza ni la jirani. Ilikuwa kweli, lakini pia niliona haya kufika baada ya kesho nyingi namna ile.

Tembe yake haipo siku hizi. Tembe isipotunzwa, mvua huishusha kidogo kidogo mpaka inabaki kama kichuguu, na uzio wa minyaa ulikatwa zamani. Nikipita pale hakuna kitu cha kumwonyesha mtu. Lakini sauti yake ikiwatukana mbuzi naikumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo iliyoniamsha asubuhi moja ya siku ya mapumziko, nikatoka nje na shuka, nikapita penye pengo ambalo sikuwahi kulipita mbele ya mtu.

"Mama! Umerudi!"

"Hapana, ni mzimu wangu. Binti amejifungua kule Chamwino, nilikuwa huko. Na wewe umetoka nje? Nyumba inaungua?"

"Njoo, mama. Nina kitu."

Alikuja, akakaa kwenye kigoda kilichopanguswa. Nikakata tunda, nikampa na ganda lake. Akalishika mbali na uso.

"Hiki ndicho kilichooza."

"Hakijaoza. Kimeiva. Kinaliwa."

"Kilichokaa juu ya minyaa. Unataka nipofuke uchukue mbuzi."

"Nimekula mimi."

"Lini?"

"Siku nyingi."

Akanyanyua mkono. "Hivi vidole vingapi?"

"Vinne, na kimoja kina donda."

Alifikiri. Akachovya ncha ya ulimi, uso ukamkunjamana sawasawa na tunda lenyewe. Akainamisha ganda na kulifyonza lote kwa pumzi moja, akatafuna mbegu taratibu, akatazama mbele. Nikampa jingine. Nikampa jingine. Aliendelea kula hata kikapu kikafika nusu.

"Na yale tuliyotupa?" akauliza mwishowe.

Tukageuka sote wawili kuitazama barabara. Punda wa mtu alikuwa anapita.

"Karani."

"Naam, mama."

"Kitabu chako kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa kimekubaliana na wewe."

Alicheka mpaka akashika mbavu, akafuta machozi kwa kaniki, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikaona ganda lililotupwa miguuni pake, jembamba, limelowa, halifai hata kuwekea pilipili. Vibuyu havikuwapo. Havikuwahi kuwapo. Sababu yake ya kuja ilikuwa imekwisha kuliwa, na mimi ndiye niliyeikata na kuigawa.

"Mama," nikasema, "nisamehe. Kibuyu chako cha ugoro ndiyo basi tena. Utakuwa umekuja bure siku zote hizi."

Alitia mkono ndani ya kaniki, chini ya kwapa, akavuta kamba ya ngozi. Mwishoni mwa kamba palikuwa na kibuyu kidogo, cheusi kwa mafuta ya miaka mingi, kizima, hakina hata ufa, na kizibo chake cha mfupa. Akakigonga kwenye goti, akamimina ugoro kiganjani, akanusa, akapiga chafya. Kisha akanigeukia, macho bado yana maji ya chafya, akasema:

"Kibuyu ninacho tangu niolewe. Mtu anapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, anajikaribisha mwenyewe, anajiuliza habari mwenyewe, na ukuta ni wa udongo, nasikia yote. Ulitaka jirani afanye nini, alale?"